Jumba Lililonipa Shikamoo

Ukuta ukikusalimia wa kwanza, usiitikie. Jikune, tazama pembeni, jifanye unamsubiri mtu mwingine. Mimi nilifanya hivyo. Nilikuwa nimeingia mjini asubuhi, kama kweli ilikuwa asubuhi, maana jua la kule lilikuwa limesimama juu ya mapaa kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Jumba la kwanza kando ya njia likaniinamia kidogo, likasema, "Shikamoo, mama." Kwa sauti ya adabu kabisa, ya mtoto aliyelelewa. Hapo hapo nikajua kuna kitu linakitaka. Kwa umri wangu shikamoo za bure zilishakwisha. Siku hizi mtu akikupa shikamoo inayotoka tumboni, mjibu huku unahesabu kuku wako.

Sikuitikia. Jumba likangoja marahaba yake. Nadhani linangoja mpaka leo.

Nilikuwa nimemfuata Atupakisye, mke mwenzangu. Mume wetu, marehemu Mwasomola, alituacha wawili katika ua mmoja, mimi Subilaga mke mkubwa, yeye mke mdogo, na tangu tumzike tulikuwa hatujanyamaza. Nikisema mwaka wa mafuriko nilikuwa mwembamba kama unyasi, yeye anasema nilikuwa pipa. Nikisema nililia sana msibani, anasema nilikuwa napuliza pua tu. Watoto wetu hawabishi, wanasema, "Ndiyo, mama," wanaendelea na simu zao. Sasa niulize, maana swali hili ndilo lililonitoa nyumbani: mtu anajuaje kwamba aliwahi kuwapo? Si kwa kukubaliwa. Hata kichaa hukubaliwa, ili anyamaze. Unajua ulikuwapo pale anapobaki mtu mmoja anayeweza kukuambia kwa kinywa kipana: muongo wewe, haikuwa hivyo, nilikuwapo. Msichana Subilaga, yule wa zamani, alikuwa amebaki katika ubishi wa Atupakisye tu. Hakuwa na nyumba nyingine duniani. Atupakisye akipotea, nitasema nilikuwa malkia, na hakuna atakayecheka.

Na Atupakisye akapotea. Alisikia kwamba uko mji, kule baridi inakotoka, ambako tofali bovu huwekwa mbele. Akafunga kanga yake, akasema, "Kumbe na sisi tuna kwetu," akaondoka.

Niliambiwa ule ni mji wa Wajerumani. Inawezekana. Mafundi wake walikuwa na majina ya Kijerumani, na kwetu wazee walikuwa wakisema kwamba Wajerumani wa zamani hawakuweza kuona udongo bila kutaka kuuchoma. Ila mji wenyewe haukuwa na jina. Niliuliza. Kila niliyemuuliza alitazama kwanza ukuta, kama mtu anayemtazama mwenye nyumba kabla ya kumkaribisha mgeni.

Sasa, tofali nalijua. Kwetu tulifyatua sisi wanawake, na kabla halijakauka kila mmoja aliliwekea alama ya vidole, ili tanuri likifunguliwa tusipigane. Mimi nilibonyeza dole gumba. Atupakisye aliburuta vidole vitatu, kama paka aliyeteleza. Tanuri likishapoa tulichukua matofali mawili, tukayagonganisha, tukasikiliza. Lililoiva hulia *nge*, kama kengele ya shule. Bichi hulia *du*, kama mtu aliyekalia godoro, na mvua ya kwanza inalirudisha kuwa tope. Kisha kuna yale yaliyokaa mdomoni mwa moto. Hayo huungua kupita kiasi, yanakuwa meusi, yanapinda, yanang'aa jasho kama uso wa mwenye homa. Yanalia kuliko yote, lakini hayana pembe wala mgongo. Tuliyajengea choo na banda la nguruwe.

Katika mji huu, banda la nguruwe lilikuwa limesimama likafika mawinguni.

Sijui niseme vipi. Kuta zilikuwa zinapumua. Matofali meusi, ya zambarau, ya rangi ya ini, moja limetokeza kama kiwiko, jingine limerudi ndani kama mtu aliyekosea mlango. Mistari inapanda kwa kupinda na kukunjuka, matao yamechongoka kama viganja viwili vinavyoomba, na jua likipita, kila lililopinda linamtupia jirani yake kivuli, hata ukuta wote ukawa unakunja uso na kukunjua. Mzuri! Siwezi kusema uongo, ingawa baadaye nilisema mwingi. Na katikati lilikuwa jumba kuu, lenye umbo la meli. Pua yake ilikuwa kali kiasi kwamba njiwa walitua pale kwa kuulizana. Meli kavu, juu ya nchi kavu, imeelekea mahali. Nikasimama, nikaitazama. Meli isiyo na maji ni ahadi au ni uongo, na vyote viwili nimewahi kuolewa navyo.

Chini ya pua alikuwapo mwashi mmoja, jina lake Hinnerk. Nilipoanza kumtazama alikuwa kijana, nikapiga chafya, nikamkuta ana mvi. Sikushangaa. Upande wa kulia jumba lilikuwa limeshaota kuvu kwa uzee, na wa kushoto bado wanachimba msingi.

"Hujambo, fundi?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Wewe nitakuitikia, una jasho. Marahaba. Pimamaji yako ya kunyooshea ukuta iko wapi?"

"Tulikatazwa." Alikuwa ameshika tofali limepinda kama ndizi, analigeuzageuza. "Bwana Mchoraji amesema kila fundi aweke jinsi mkono wake unavyopenda. Lililopinda lipinde. Linalotaka kutokeza litokeze. Ati ukuta useme."

"Useme nini?"

"Hajasema."

"Basi utasema anachotaka yeye."

Hinnerk akatazama juu, akatazama nyuma, kisha akalipaka tofali lake chokaa taratibu mno. "Mama," akasema, "umekuja kutembea au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kumchukua mwanamke mmoja. Mdogo kwangu, mrefu kwangu, anachekea puani."

"Yule!" Mkono wake ukasimama. "Yule yuko puani kabisa. Safu ya heshima."

Niliisikia heshima hiyo mgongoni, kama maji ya baridi. Kwetu, wanaokaa safu ya heshima ni wageni rasmi na maiti.

Huyo Bwana Mchoraji ndiye aliyekuwa anachora majumba yote. Alikuja wakati huohuo, au alikuwapo muda wote na mimi ndiye niliyechelewa kumwona. Mtu mpole, mikono safi kama ya mkunga, na jua lote lile, amebeba mwavuli. Kila baada ya maneno machache alitupa jicho mbinguni. Nikaweka akilini: anayetembea na mwavuli wakati wa kiangazi ana siri na Mungu.

"Uso huu," akasema, akinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, ila ng'ombe hutazamwa meno tu. "Mama, nani alikuchoma hivi?"

"Kuni mbichi na mume mbichi."

Akacheka hadi akafuta macho. Aisee, alicheka vizuri. Nikajiona kijana. Nikajikuta natafuta kichekesho kingine cha kumpa, na hapo nikashtuka, maana katika maisha yangu nimesifiwa mara chache, na kila mara kilipungua kitu ndani ya nyumba.

"Zamani," akasema, "watu walitaka ukuta uliolainika. Tofali lililopinda walilitupa. Sisi tunaliokota. Tunaliweka mbele, penye jua. Hapa hakuna anayelazimishwa, mama. Watu wanasikilizwa tu."

Kweli. Niliona kwa macho yangu. Palikuwa na bwana mmoja mwembamba ameketi kwenye kigoda, anasimulia jinsi baba yake alivyomkataa mbele ya watu. Mchoraji akamwinamia, akaitikia, "Enhe. Enhe, kisha?" kwa utamu ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Kila *enhe* ilipoanguka, goti la yule bwana likafanya pembe. Bega likawa jekundu, kisha jeusi, kisha likang'aa. Alikuwa anatabasamu. Alipofika mwisho wa habari yake, Hinnerk alimwinua kwa mkono mmoja, akampaka chokaa, akamweka.

Nilikaa chini. Nikawaza, na naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu kuwaza kwangu ni kama kutwanga kwangu, napiga pembeni mara nyingi kabla ya kupata kinu. Mtu akikutupa kwa sababu umepinda, unamjua. Ni adui yako, unalala ukimlaani, asubuhi unaamka na nguvu. Lakini huyu anayekuokota? Anayesema, ee, kupinda kwako kuna maana, njoo ukae kwenye ukuta wangu, pinda hapo hapo, usinyooke wala usisogee? Nyumba ni yake. Meli ni yake. Wanaopita wanasema, tazama jinsi anavyojua kujenga. Na wewe unashukuru, maana umewekwa penye jua. Wa kwanza alikunyima ukuta, wa pili anakunyima njia. Nani mwizi kumzidi mwenzake? Sijui. Nimesoma mpaka darasa la nne, na swali hili walilifundisha la tano.

"Nataka kumwona mke mwenzangu," nikasema.

Tukapanda jukwaa, mimi mbele, Mchoraji na mwavuli wake nyuma, Hinnerk na ndoo yake mwisho. Kadiri tulivyopanda kuta zilinong'ona: shikamoo, shikamoo. Huko juu kabisa, pale ukuta wa kulia unapokutana na wa kushoto zikawa kama wembe, nikaliona. Tofali moja limetokeza kama kidevu cha mtu mbishi. Usoni lina vidole vitatu vilivyoburutwa.

Nililishika. Sikutaka kulia mbele ya mtu mwenye mwavuli.

"Atupakisye. Mwanamke wewe. Unakaa juu huku unachungulia nini?"

"Karibu, mwenzangu," likasema tofali. Sauti ilikuwa yake, na ule mkwaruzo wake wa ugoro.

"Mwenzangu? Tangu lini? Umeniacha na mbuzi wanne na paa linavuja."

"Ni kweli, nilikosea."

Upepo ukapita. Kwa miaka yote ya ukewenza wetu mwanamke huyo hakuwahi kukosea. Alipoangusha chungu changu alisema ardhi ilisogea.

"Unakumbuka msiba wa Mwasomola?" nikasema polepole. "Nililia mpaka nikazirai."

"Ulilia kutuzidi sote."

"Na mwaka wa mafuriko nilikuwa mwembamba."

"Kama unyasi, mwenzangu."

Lilibaki jambo moja. Kati yetu kulikuwa na maharage. Siku moja, kabla hata mtoto wetu wa kwanza hajaota jino, Mwasomola alikula kwangu, akala kwake, akajifuta mdomo, na hakusema ya nani matamu. Akafa hajasema. Juu ya maharage hayo tulitukanana kwa mvua na kwa kiangazi, tukiwa wazima na tukiwa wagonjwa. Atupakisye angekatwa ulimi kabla ya kunipa maharage.

"Maharage yangu," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo, "yalikuwa matamu kuliko yako."

"Yalikuwa matamu zaidi," likasema tofali. "Nilijua siku ileile."

Mtu anaweza kupewa kitu alichokipigania maisha yake yote na kikamuua. Mke mwenzangu alikuwa amekwisha. Alikuwa amekubali. Na mimi niliyekuwa nikikaa katika ubishi wake, nilikuwa nimesimama nje, bila mlango. Nikainua kono langu, nikaligonga tofali kwa kifundo cha kidole, kwa uchungu tu, kama unavyogonga jeneza.

*Du.*

Nikagonga tena. *Du.* Nikagonga la jirani: *nge*, safi, hadi likaniuma sikio. Nikarudi kwa lake. *Du.* Godoro.

Tofali bichi, kwenye pua ya jumba lote!

"Umeridhika, mama?" Mchoraji alikuwa ameshaweka kigoda. "Nafasi yako ni hapa, ubavuni mwake. Simulia."

Nikageuka. Ngazi haikuwapo. "Hakuna anayeshuka hapa," akasema kwa upole, "kabla ya kusikilizwa."

Nikaketi. Ningefanya nini? Nikaanza na ukweli, kwa sababu ndio unaokuja wa kwanza ukiwa umechoka. Nikasema mama yangu alinificha nyuma ya ghala nilipozaliwa kwa sababu ya mguu wangu. "Enhe," akasema. Wallahi lilikuwa joto. Vidole vya miguu vikaanza kukaza, na haikuuma. Ilikuwa tamu, kama kuota moto huku mtu mwingine anakwenda kuchota maji. Enhe, kisha? Ningeweza kumwaga vyote. Mguu. Baba. Mtoto niliyemzika bila jina. Kwa nini nisimwage? Nani mwingine aliwahi kuniuliza "kisha"?

Atupakisye. Aliniuliza, lakini kwa kunikomoa. "Kisha? Kisha ukafanya nini, mke mkubwa, ukapaa?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akiuliza.

Kidole changu kikubwa cha mguu kilikuwa kimeshafanya pembe. Nikakitazama. Nikamtazama huyu mtu, macho yake yanavyowaka kama mdomo wa tanuri. Nikafikiria lile *du*. Ukweli unaiva, najua, nimeuona ukiiva. Ni nini basi kinachobaki kibichi?

Nikakohoa.

"Sasa nikueleze habari za mke mwenzangu," nikasema. "Alikuwa mwanamke mwema. Siku alipoletwa, nilifurahi. Alikuwa mzuri kunishinda, na kucheka kwake kulinifanya nisahau uchovu. Alipougua, nilimwomba Mungu anichukue mimi. Sikuwahi hata siku moja kutamani aondoke. Nilimpenda."

Uongo huo. Uongo mtupu, na asije mtu akaniuliza tena.

"Enhe," akasema Mchoraji, "enhe," na joto likanitoka miguuni, likashuka. Juu ya sakafu ya jukwaa, mbele ya kigoda, likaanza kujikusanya tofali. Lilipanda kwa kila neno, likapinda vizuri, likajikunja uso, likajipaka weusi kwa nje. Lilipokamilika lilikuwa na alama ya dole gumba. Mchoraji alishika kifua. Alisema hajawahi kuona lililopinda namna ile. Hinnerk akaliinua, na kabla ya kuliweka akaligonga kwa mpini wa mwiko wake, kama mafundi wote wanavyofanya.

*Du.*

Akanitazama. Nikamtazama. Nikaona amesikia sauti hiyo mara nyingi sana, huku na huko, katika safu za heshima. Akatia chokaa nyingi.

"Zuri," akasema Hinnerk.

"Bwana," nikamwambia Mchoraji, nikiinuka, "mbona unaogopa mvua?"

"Jumba hili ni la milele, mama."

"Nimesikia. Mimi nimeuliza mvua."

Akafungua mwavuli. Hakukuwa na wingu. Ngazi ilikuwa imerudi mahali pake, na nilianza kushuka kabla haijabadili nia. Nyuma yangu tofali langu lilikuwa tayari linaongea na la jirani yake, sauti yangu na sauti yake, ukiwasikia utadhani malaika. Wewe ulikuwa mwema. Hapana, wewe. Nikatapika kidogo, nikaendelea kushuka.

Mwisho wa mji, pale njia inapoacha kuwa ya tofali ikawa ya vumbi, mwanamke mrefu alikuwa ameketi juu ya kifusi, anajikung'uta unga mwekundu miguuni.

"Umechelewa," akasema Atupakisye. "Mguu wako huo."

Nilisimama mbali. Mji ule ulinifundisha kutolikimbilia jambo zuri. "Nimekusikia juu kule," nikasema. "Umekubali maharage."

"Nani? Mimi?" Akachekea puani. "Maharage yako yalikuwa kokoto. Mwasomola alikuwa akiyameza na maji, kama dawa."

"Tofali lenye vidole vyako limesema yalikuwa matamu."

"Yule bwana wa mwavuli alitaka nimpe kitu. Nikampa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuubeba." Akatazama pembeni, akachokonoa ukucha. "Na wewe ulimwambia nini?"

"Uongo."

"Wa nini?"

"Wa mbuzi."

"Wa mbuzi," akasema. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko mbuzi wanavyostahili.

Tone la kwanza likaniangukia puani. Huko nyuma, majumba yote yakasema shikamoo kwa pamoja, na safari hii sauti ilikuwa na mtetemo, kama ya mtoto aliyevunja kitu. Hatukuitikia. Lakini shaka ilikuwa imeshaniingia, na shaka ikishamwingia mwanamke mzee haitoki kwa chai. Huyu anayenibishia, je? Huenda huu ni ukuta mwingine, uliochongwa kwa ujanja zaidi, uliojua kwamba mimi nasikilizwa kwa kubishiwa. Nikamsogelea, nikakunja kidole, nikamgonga kwenye paji la uso. Hakukwepa. Na yeye akanyoosha mkono wake mrefu, akanigonga mimi. Tukainamisha vichwa katika mvua, tukasikiliza.

"*Nge*," nikasema.

"*Du*," akasema Atupakisye. "Tena wote wawili. Twende, paa linavuja."